Jinsi ya kunasa vipindi vya redio ya intaneti kwa saa iliyopangwa

MSIKILIZAJI wa miaka ya 1980 aliyetaka kuhifadhi kipindi cha redio hakuwa na budi kuketi kando ya redio-kaseti yake, kidole juu ya kitufe, akimsubiri mtangazaji aanze. Akichelewa kutoka kazini, au umeme ukipotea, kipindi kilikuwa kimekwenda na mawimbi, na hakuna aliyeweza kukirudisha.

Siku hizi vituo vingi, vikubwa kwa vidogo, husikika pia kwa njia ya intaneti. Kwa sababu hiyo tarakilishi, hata iliyochakaa, yaweza kushika zamu badala ya mwenyewe: ikangoja saa itimie, ikafungua matangazo, ikayarekodi, kisha ikayaweka mahali ambapo atayakuta arudipo. Programu za kuifanya kazi hiyo zipo kwa wingi, na zilizo bora miongoni mwazo hazilipiwi hata senti moja.

Hata hivyo, wengi wanaojaribu hukwama njiani. Hupata faili tupu, au hupata kipindi wasichokitaka, au hawapati chochote. Aghalabu lawama huangukia programu, ilhali kosa limo katika mambo matatu: anwani isiyo sahihi, saa iliyohesabiwa kwa Kiswahili ilhali tarakilishi inahesabu kwa namna nyingine, na umeme usioaminika. Makala haya yanaeleza kila moja pamoja na namna ya kuliepuka.

Sauti isiyohifadhiwa hupotea

Gazeti la jana laweza kupatikana maktabani. Kipindi cha redio cha jana hakipatikani kwa urahisi huo. Baadhi ya vituo huweka vipindi vyao kwenye wavuti kwa siku au majuma machache, kisha huviondoa. Vingine haviviweki kabisa. Mahojiano na mzee anayesimulia historia ya kwao, mjadala kuhusu bajeti ya kaunti, shairi lililoghaniwa na msikilizaji wa kawaida, vyote hupita mara moja tu.

Kituo chenyewe nacho chaweza kunyamaza. Mnamo Machi 14, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kulipunguza shirika linalosimamia Sauti ya Amerika (VOA). Kesho yake wafanyakazi wapatao 1,300 walipewa likizo ya lazima, na matangazo ya lugha nyingi yakakatika ghafla. Wasikilizaji wa Kiswahili walioizoea idhaa hiyo kwa miongo kadhaa walikuwa miongoni mwa waliofungua redio na kukuta kimya. Aliyekuwa amejihifadhia vipindi alibaki navyo. Asiyekuwa navyo alikumbushwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa mwalimu anayetafuta mifano hai ya ufahamu wa kusikiliza, kwa mtafiti wa lugha, kwa muuguzi au bawabu wa zamu ya usiku, na kwa Mkenya aliye ughaibuni ambaye huwa kazini habari za nyumbani zisomwapo, kurekodi kwa saa iliyopangwa ni haja ya kila siku.

Programu huria ni zipi?

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili, ‘huru’ na ‘bure’, pale ambapo Kiingereza hutumia neno moja na kuwachanganya watu. Programu huria ni ile ambayo mtumiaji ana uhuru wa kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha, na kuwagawia wenzake nakala. Msingi huo ulianza kuwekwa na Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983. Leseni maarufu ya mradi huo, GPL, ilitolewa mwaka wa 1989. Programu nyingi za aina hii hutolewa bure, lakini ubure si sharti lenyewe.

Kwa mtu anayehifadhi sauti, uhuru huo una faida ya moja kwa moja. Programu ya kibiashara ikiachwa na kampuni yake, faili zilizohifadhiwa kwa mtindo wake wa siri zaweza kukosa wa kuzifungua. Programu huria hubaki mikononi mwa yeyote anayetaka kuiendeleza.

Kazi yenyewe ina sehemu tatu: anwani ya matangazo, programu ya kunasa, na programu ya kutunza saa. Kila sehemu hujaribiwa peke yake kabla ya kuunganishwa na nyingine.

Kwanza, anwani

Ukurasa wa wavuti wenye kitufe cha ‘sikiliza’ si matangazo yenyewe. Nyuma ya kitufe hicho kuna anwani nyingine inayoelekea kwenye sava inayomwaga sauti bila kukoma. Vituo vingi hutumia sava za SHOUTcast, mfumo uliotolewa na kampuni ya Nullsoft mwishoni mwa miaka ya 1990, au Icecast, ambayo ni programu huria. Vingine hutumia mfumo wa HLS uliobuniwa na kampuni ya Apple na kutangazwa mwaka wa 2009, ambao huikatakata sauti katika vipande vya sekunde chache na kuvituma kimoja baada ya kingine.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Mara nyingi anwani inayotolewa na kituo huishia kwa herufi ‘pls’ au ‘m3u’. Faili ya namna hiyo haina sauti yoyote. Ni kijikaratasi tu chenye maandishi yanayotaja mahali sauti ilipo. Programu inayopakua kitu jinsi kilivyo itakihifadhi kijikaratasi hicho, na mwenyewe atarudi jioni akute faili yenye uzito wa herufi mia moja hivi. Dawa yake ni kuifungua faili hiyo kwa programu yoyote ya kuandikia, kunakili anwani iliyomo ndani, na kuitumia hiyo. Anwani zinazoishia kwa ‘m3u8’ ni tofauti: hizo ni za mfumo wa HLS, na programu kama FFmpeg na VLC huzielewa zenyewe.

Anwani hubadilika. Kituo kikihamia sava nyingine, rekodi zote zinazofuata zitakuwa tupu bila onyo. Ni vyema kuzikagua faili mpya walau mara moja kwa juma.

Pili, programu ya kunasa

VLC ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianza mwaka wa 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, na ikawekwa chini ya leseni ya GPL mwaka wa 2001. Huchezesha karibu kila aina ya sauti na picha, na ina kitufe chekundu cha kurekodi kile kinachosikika. Kwa anayeanza, VLC ni mahali pazuri pa kuihakiki anwani: ikiwa VLC inaicheza, basi anwani ni sahihi.

FFmpeg ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2000. Haina madirisha wala vitufe. Huagizwa kwa maandishi. Ukavu huo ndio unaoifaa kwa kazi isiyo na msimamizi, kwani programu inayotii mstari mmoja wa maandishi yaweza kuagizwa na programu nyenzake usiku mwenyewe akiwa amelala. Agizo lake la kunasa redio ni hili:

ffmpeg -i ANWANI -t 2100 -c copy habari.mp3

Neno ANWANI huondolewa na mahali pake huwekwa anwani ya kituo. Nambari 2100 ni urefu wa rekodi kwa sekunde, yaani dakika 35. Maneno ‘-c copy’ huiagiza programu inakili sauti jinsi inavyofika bila kuisindika upya. Kwa njia hiyo ubora haupungui, na hata tarakilishi dhaifu haichoki.

Streamripper ni ya matumizi ya muziki. Husoma majina ya nyimbo yanayotumwa na kituo pamoja na sauti, na kuukata muziki wimbo baada ya wimbo. Kwa taarifa ya habari au mahojiano ukataji huo hauna faida.

Audacity ilianza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka wa 1999, na ikatolewa kwa umma mwaka wa 2000. Ina kipengele chake yenyewe cha kurekodi kwa saa iliyowekwa, hivyo humfaa asiyependa kuandika maagizo. Lakini yenyewe husikiliza sauti inayopita ndani ya tarakilishi wala haiifuati anwani. Kwa hiyo redio lazima iwe inacheza wakati huo, na mlio wowote wa barua pepe utaingia katika rekodi. Kazi yake hasa huja baadaye, mtu anapotaka kukata matangazo ya biashara au kuongeza sauti iliyofifia.

Tatu, mtunza saa

Katika tarakilishi zinazotumia Linux na jamaa zake, kazi ya kutunza ratiba hufanywa na programu iitwayo cron. Ilikuwamo katika toleo la saba la mfumo wa Unix mwaka wa 1979. Mwaka wa 1987 mtaalamu Paul Vixie alitoa toleo lake, ambalo lilienea kote. Kila dakika cron huamka, hutazama jedwali lake, na kuuliza: je, kuna kazi ya dakika hii?

Jedwali hilo hufunguliwa kwa agizo ‘crontab -e’. Kila mstari una nafasi tano, kisha kazi yenyewe. Nafasi hizo, kutoka kushoto, ni dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma. Alama ya nyota humaanisha ‘kila’. Mstari wa kunasa habari za saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, huandikwa hivi:

58 18 * * 1-5 /home/redio/nasa.sh

Maana yake: saa kumi na mbili na dakika 58 jioni, kila tarehe, kila mwezi, siku ya kwanza hadi ya tano, fanya kazi iliyoandikwa katika faili ya nasa.sh. Dakika mbili za mwanzo na tatu za mwisho zimeongezwa makusudi. Redio ya intaneti huchelewa nyuma ya mawimbi ya kawaida kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine kwa dakika nzima, na watangazaji nao hawamalizi sawia na kengele. Rekodi isiyo na nafasi ya ziada hukatwa mkia.

Kwa kazi ya siku moja tu, mathalani hotuba ya Sikukuu ya Madaraka, kuna programu nyingine iitwayo ‘at’. Hiyo hupewa saa na tarehe, hutimiza kazi mara moja, kisha huisahau.

Saa ya Mswahili na saa ya tarakilishi

Mtego wa pili umejificha katika lugha. Mswahili huanza kuhesabu saa kunapokucha, na huanza upya jua linapotua. Tarakilishi huanza kuhesabu saa sita za usiku na haikomi hadi itimie 23. Anayeandika 1 kwa kumaanisha saa moja jioni atarekodi matangazo ya saa saba za usiku.

Kanuni ya kubadilisha ni nyepesi. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa nne asubuhi ni 10, saa kumi jioni ni 16. Kuanzia saa moja hadi saa tano za usiku, ongeza 18: saa moja ni 19, saa tatu ni 21. Kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, ondoa 6: saa sita ni 0, saa nane ni 2, saa kumi na moja ni 5.

Siku za juma zina mtego wao. Majina ya Kiswahili yanaihesabu Jumamosi kuwa ya kwanza, ndiyo maana Jumatatu hubeba ‘tatu’ na Jumatano ‘tano’. Cron huanzia Jumapili, ambayo huiita 0. Kwa hiyo Jumatatu ni 1, Jumanne 2, Jumatano 3, Alhamisi 4, Ijumaa 5 na Jumamosi 6. Kuanzia Jumapili hadi Jumatano, nambari ya cron ni ile iliyo katika jina la siku ikipungua mbili.

Usiku nao unahitaji uangalifu. Kwa desturi ya Waswahili siku mpya huanza magharibi, jua likizama. Usiku wa Ijumaa, kwa wazee wa pwani, ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Magazeti huondoa utata kwa kusema ‘usiku wa kuamkia Ijumaa’. Tarakilishi hubadilisha siku saa sita za usiku barabara. Hivyo, katika usiku wa kuamkia Jumamosi, kipindi cha saa tatu huwekwa siku ya 5, saa 21, lakini kipindi cha saa saba cha usiku huo huo huwekwa siku ya 6, saa 1. Na kipindi kinachoanza saa sita kamili, kikiwekewa zile dakika mbili za mapema, huwa ni cha 23:58 ya siku iliyotangulia.

Vituo vya kimataifa hutoa ratiba zao kwa saa za GMT. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu mwaka mzima: 15:30 GMT ni 18:30, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni.

Aliye ughaibuni ana mzigo wa ziada, kwani Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mara mbili kwa mwaka, ilhali Kenya haisogezi. Saa moja jioni Nairobi ni saa kumi alasiri jijini London wakati wa baridi, na saa kumi na moja wakati wa joto. Minneapolis ni saa nne asubuhi wakati wa baridi, na saa tano wakati wa joto. Ikiwa tarakilishi inatumika kwa kazi ya kunasa pekee, suluhisho ni kuiwekea majira ya ‘Africa/Nairobi’. Mashine itaishi kwa saa za nyumbani, na ratiba haitaguswa Machi wala Oktoba.

Jina la faili na kazi inayogoma

Rekodi zote zikiitwa habari.mp3, ya leo itakuta ya jana imekalia jina. FFmpeg ikiona hivyo huuliza kama ifute ya zamani. Usiku hakuna wa kujibu, basi huacha kazi. Ndiyo maana agizo huwekwa katika faili ya nasa.sh, likiwa na tarehe ndani ya jina:

#!/bin/sh
/usr/bin/ffmpeg -i ANWANI -t 2100 -c copy /home/redio/habari-$(date +%F).mp3

Faili itakayopatikana itabeba mwaka, mwezi na siku, kwa mfano habari-2025-06-02.mp3. Kwa kuwa mwaka hutangulia, faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Faili ya nasa.sh lazima ipewe ruhusa ya kutenda kazi kwa agizo ‘chmod +x nasa.sh’.

Kuna mambo mawili ambayo huwasumbua wengi. La kwanza, cron haijui njia zote ambazo mwenyewe anazijua, hivyo kila programu na kila folda hutajwa kwa anwani yake kamili. Agizo linalofanya kazi kwa mkono lakini likagoma usiku huwa na kasoro hiyo. La pili, alama ya asilimia ina maana nyingine ndani ya jedwali la cron. Ikiandikwa humo moja kwa moja huharibu agizo. Kuiweka katika faili ya pembeni, kama ilivyofanywa hapo juu, huondoa tatizo.

Umeme, intaneti na nafasi

Cron haifidii kilichopita. Mashine ikiwa imezimwa au imelala saa ilipotimia, kazi ya saa hiyo hairudiwi, na hata ingerudiwa kipindi kingekuwa kimekwisha. Kipakatalishi kina nafuu kwa kuwa betri yake hukivusha umeme unapopotea, mradi kisilale kifuniko kikifungwa. Kisambaza intaneti nacho chahitaji umeme; kikizimika, betri ya kipakatalishi haisaidii kitu.

Wengine hutumia Raspberry Pi, tarakilishi ndogo iliyotolewa Uingereza mwaka wa 2012, kwa kuwa hula umeme kidogo na yaweza kuachwa ikiwaka usiku na mchana. Lakini matoleo yake ya miaka mingi ya mwanzo hayana sehemu ya kutunza saa umeme unapokatika. Yakiwaka tena huomba saa kutoka intaneti. Intaneti ikichelewa kurudi, mashine hudhani ni saa nyingine na kipindi hupita.

Umeme ukikatika katikati ya rekodi, aina ya faili ndiyo huamua kitakachosalia. Faili ya MP3 iliyokatika husikika vizuri hadi pale ilipokomea. Faili ya M4A huandika faharasa yake mwishoni kwa kawaida. Ikikatizwa kabla ya hapo, huenda isifunguke kabisa. Kituo kinachotuma sauti ya aina ya AAC kinaswe kwa faili inayoishia ‘aac’, ambayo haina udhaifu huo.

Intaneti ikikatika kwa muda, FFmpeg yaweza kuagizwa ijaribu tena kwa kuweka ‘-reconnect 1 -reconnect_streamed 1’ kabla ya ‘-i’. Sehemu iliyokosekana haitarudi, lakini iliyobaki itanaswa.

Gharama ya intaneti hukadiriwa kwa hesabu ndogo. Kituo kinachotuma kilobiti 64 kwa sekunde hutumia megabaiti 28.8 kwa saa. Cha kilobiti 128 hutumia 57.6. Rekodi ya dakika 35 kwa kilobiti 64 ni megabaiti 16.8. Kwa siku tano ni 84, na kwa mwaka mzima ni takriban 4,370. Yaani habari za jioni za mwaka mzima huenea katika kidude cha kuhifadhia cha gigabaiti 8 na nafasi ikabaki.

Wenye Windows na wenye simu

VLC, FFmpeg na Audacity hufanya kazi katika Windows pia. Mahali pa cron, mfumo huo una kipanga-kazi chake, ambacho si programu huria lakini huja pamoja na mashine. Hupewa saa, siku na agizo la FFmpeg, na kina nafasi ya kuweka alama ili tarakilishi iamshwe usingizini kazi ikifika. Nafasi hiyo isisahaulike, kwa maana kipakatalishi kilicholala ndicho chanzo cha rekodi nyingi zinazokosekana.

Simu ni mshirika dhaifu kwa kazi hii. Ili kuokoa betri, mifumo ya simu huzisimamisha programu zilizo nyuma ya pazia, na kipindi chaweza kukatwa katikati. Simu ifae kusikilizia rekodi zilizokwisha kunaswa.

Sheria yasemaje

Matangazo ya redio ni mali yenye mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, pamoja na marekebisho yaliyofuata, hutoa nafasi ya matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki, na kuripoti matukio ya wakati huo. Kujinasia kipindi ili kukisikiliza baadaye ni jambo moja. Kukipandisha mtandaoni, kukiuza, au kukitangaza upya ni jambo jingine, na huhitaji idhini ya kituo. Kwa muziki, haki za watunzi na waimbaji zipo juu ya zile za kituo.

Kabla ya kuiamini ratiba

Anayeanza na afuate utaratibu huu. Aihakiki anwani kwa VLC. Aliendeshe agizo la FFmpeg kwa mkono kwa dakika moja, akiandika 60 mahali pa 2100, kisha aisikilize faili iliyopatikana. Aiweke kazi katika cron kwa dakika tano zijazo, aondoke, arudi kutazama. Hatua zote tatu zikifaulu, ndipo aandike saa halisi ya kipindi.

Baada ya hapo atenge siku moja ya juma ya kufungua rekodi moja au mbili na kunakili zilizo muhimu katika kifaa cha pili, kwa kuwa diski nazo hufa. Faili iandikiwe jina linaloeleza kituo, kipindi na tarehe. Mwaka mmoja baadaye, mwanafunzi akiuliza mgeni fulani alisema nini hewani siku fulani, jibu litapatikana kwa sauti yake mwenyewe.